Uaminifu wa Wapenzi wa Mpira: Mfano wa Yanga na Simba

Mtu afuataye klabu ya mpira ana majina matatu katika Kiswahili. La kwanza ni mwanachama, nalo ni jina la kadi, ada na kura: mwenye jina hili ana haki ya kuingia katika mkutano mkuu na kuwauliza viongozi hesabu. La pili ni mpenzi, nalo ni jina la moyo: halidai kadi wala ada, bali ladai huzuni siku ya kushindwa na furaha siku ya kushinda. La tatu ni shabiki, nalo ni jina la kelele na ushindani. Mtu huweza kuitwa shabiki kwa sifa, na huweza kuitwa hivyo kwa lawama. Majina haya huchanganywa katika mazungumzo ya kila siku, lakini kila moja lina deni lake, na atakaye kujua maana ya uaminifu katika mpira hana budi kuyatenga. Mwanachama hudaiwa utii kwa katiba. Shabiki hudaiwa kusimama upande mmoja. Mpenzi hudaiwa kudumu.

Insha hii yachunguza zaidi deni la mpenzi, yaani deni la kudumu. Mfano wake ni klabu mbili za Dar es Salaam: Young Africans, ambayo watu wote huiita Yanga, na Simba, ambayo hadi mwaka 1971 iliitwa Sunderland. Klabu hizi zimechaguliwa kwa kuwa zimeishi muda mrefu, ya kwanza tangu 1935 na ya pili tangu 1936, na katika muda huo karibu kila kitu ambacho mtu angedhani ndicho kiini cha klabu kimebadilika: wachezaji, viongozi, uwanja, namna ya kupata fedha, na kwa upande mmoja hata jina. Ikiwa hayo yote yamebadilika na mpenzi hakubadilika, yapasa kuuliza: alikuwa mwaminifu kwa kitu gani?

Kwanza yafaa kuondoa dhana kwamba ushindani wa namna hii uliletwa na mpira. Mpira wenyewe ulikuja na wageni, kwa mikono ya wamisheni, walimu, mabaharia na maofisa. Huko Unguja wanafunzi wa shule ya misheni ya Kiungani waliucheza tangu karne ya 19. Lakini desturi ya mji mmoja kugawanyika pande mbili zishindanazo, kila upande ukiwa na heshima yake ya kulinda, ilikuwako pwani kabla ya mpira kufika. Lamu ilikuwa na Mkomani na Langoni. Katika miji mingi ya Waswahili mtaa ulishindana na mtaa kwa ngoma, kwa mashairi na kwa karamu, na aliyezaliwa upande mmoja hakuulizwa kama aupenda. Upande ulimpokea kabla hajajua kusema, ukamfundisha nyimbo zake, ukamdai mchango wake alipokuwa mtu mzima, na ukamzika alipokufa.

Desturi hii ilipata sura mpya katika ngoma ya beni, iliyoanza katika miji ya pwani ya Kenya katika miaka ya 1890 na kuenea kusini hadi Tanganyika. Beni ilikuwa na tarumbeta na matari, mavazi ya kijeshi, na vyeo vya kuigiza vya wafalme, majenerali na madaktari. Katika Tanganyika vyama vyake viwili vikubwa viliitwa Marini na Arinoti. Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 askari na wapagazi walivichukua vyama hivi mpaka bara, hata mtu wa pwani aliyefika mji wa ugenini aliweza kuuliza wako wapi Marini, au wako wapi Arinoti, akapata chakula, malazi, na watu wa kumzika kama angekufa huko. Wenye kutazama beni kwa macho ya nje waliona watu wakiigiza Wazungu kwa mchezo. Wenyewe walijua kwamba chini ya mchezo kulikuwa na bima ya maisha: uaminifu kwa chama ulikuwa njia ya mtu kupata ndugu mahali asipokuwa na ukoo.

Dar es Salaam ya miaka ya 1930 ilikuwa mji wa watu wa namna hiyo. Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza kilichopiga kambi hapo wakati wa vita, ulikuwa na Wazaramo, Wamanyema, Wanyamwezi, Wangazija, Wanubi na wengine wengi, kila mmoja akiwa na kwao, na wote wakiishi mbali na kwao au karibu na watu wasiokuwa wa kwao. Katika mtaa kama huo mtu hakosi jirani, lakini hukosa mashahidi: watu watakaosema alikuwa nani, aliwahi kufanya nini, na nani alikuwa pamoja naye. Chama cha ngoma kilitoa mashahidi hao. Beni ilipoanza kufifia, klabu ya mpira ikachukua kazi ile ile. Haikuwa lazima mtu awe wa kabila fulani ili kuingia, na mchezo wenyewe ulikuwa na sifa ambayo ngoma haikuwa nayo: mshindi hakuhitaji kubishaniwa, kwa kuwa mabao yalihesabiwa.

Yanga ilianzishwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata ikazaliwa timu ambayo ilipitia majina ya Queens na Eagles kabla ya kutulia kwa jina la Sunderland, jina la klabu ya Uingereza. Masimulizi ya wazee husema kwamba klabu hizi mbili zina chimbuko moja, na kwamba ya pili ilitokana na kundi la vijana waliojitenga na wenzao. Masimulizi hayo yana tofauti nyingi katika mambo madogo, na kila upande huyasimulia kwa namna inayoupa ukubwa. Lakini jambo moja halibadiliki: ushindani ulianza ndani ya nyumba, si kati ya wageni. Yanga ikashika Jangwani, Sunderland ikashika Msimbazi, na kutoka nyumba moja hadi nyingine ni mwendo wa miguu. Watu waliogombana uwanjani walikutana jioni ile ile sokoni, msikitini, na katika foleni ya maji.

Ukaribu huu ndio uliozaa neno ambalo ni ufunguo wa habari yote. Yanga na Simba huitwa watani wa jadi. Neno hili hutumiwa sana na magazeti kiasi kwamba uzito wake umesahauliwa. Utani si uadui, wala si urafiki wa kawaida. Kati ya makabila ya Tanganyika utani ulikuwa mapatano yenye sheria. Wazee walisema mara nyingi kwamba ulitokana na vita vya kale vilivyokwisha kwa suluhu, au na safari za misafara ya biashara ambamo Wanyamwezi walipita katika nchi ya Wazaramo na watu wengine wa njiani. Mtani aliruhusiwa kumtukana mtani wake mbele ya watu, kumchukulia kitu chake bila ruhusa, na kumdhihaki katika jambo lile lile lililomuuma, na aliyetendewa hakuwa na haki ya kukasirika. Lakini haki hiyo ilikuwa na bei. Kulipotokea msiba, mtani ndiye aliyekuja kushika kazi ambazo wafiwa hawakuweza kuzishika. Ndiye aliyesaidia mazishi, na ndiye aliyechekesha matanga ili huzuni isiwaangushe waliobaki. Kwa hiyo dhihaka ya mtani ilikuwa kama hati ya deni: anayekucheka leo amejifunga kukubeba kesho.

Tukiuelewa utani hivyo, twaelewa kwa nini mpenzi wa Yanga humhitaji mpenzi wa Simba. Uaminifu usiokuwa na mtu wa kuujaribu haujulikani kama upo. Mpenzi wa timu inayoshinda daima bila mpinzani hana nafasi ya kuonyesha kwamba angebaki hata kama ingeshindwa. Mtani humpa nafasi hiyo kila mwaka, kwa kumcheka. Ndiyo sababu majina ya kejeli ambayo kila upande huupa mwingine, kama Mikia kwa Simba na Kandambili kwa Yanga, hayakufutika kwa hasira ya waliopewa. Mengine yalizoeleka hata wenyewe wakayacheka.

Historia ya matokeo yaonyesha jambo hili wazi. Ligi ya taifa ilipoanzishwa mwaka 1965, Sunderland ilitwaa ubingwa wa miaka miwili ya kwanza, na Cosmopolitan ikautwaa mwaka 1967. Kisha Yanga ikashika ubingwa miaka mitano mfululizo, kuanzia 1968 hadi 1972. Siku ya Juni 1, 1968 Yanga iliifunga Sunderland mabao 5 kwa 0. Mpenzi wa Sunderland wa siku zile alikuwa na kila sababu ya kuhama. Klabu alizoweza kuhamia zilikuwako, na hakuna sheria iliyomkataza. Badala yake aliishi na hesabu ile kwa miaka tisa, akiisikia barazani, kazini na harusini. Mwaka 1971 hata jina la klabu yake likabadilika, likatoka jina la mji wa Uingereza likaja jina la mnyama wa nchi hii. Yaweza kudhaniwa kwamba jina jipya lingefuta aibu ya zamani, kwa kuwa waliofungwa mabao matano walikuwa Sunderland na si Simba. Hakuna mpenzi aliyejitetea kwa hoja hiyo, na hakuna mtani ambaye angeikubali. Aibu ilivuka pamoja na watu kutoka jina la kale hadi jina jipya. Na kuvuka huko kwa aibu ni ushahidi kwamba klabu ilikuwa ile ile. Mtu hurithi mali kwa hati, lakini deni humfuata bila hati.

Jaribio la upande wa pili lilikuwa zito zaidi. Agosti 1974 Yanga iliishinda Simba mabao 2 kwa 1 katika uwanja wa Nyamagana, Mwanza, baada ya muda wa nyongeza, ikatwaa ubingwa, na ilionekana kuwa katika kilele chake. Muda si mrefu ugomvi ukaingia ndani ya klabu yenyewe. Mwaka 1976 kundi kubwa la wachezaji na wanachama lilitengana na wenzao, ikazaliwa klabu mpya, Pan African. Hapa swali letu lilitoka katika vitabu likaingia barabarani. Wachezaji ambao watu walikuwa wakiwashangilia walikuwa upande mpya. Baadhi ya wanachama wenye sauti na fedha walikuwa upande mpya. Upande wa zamani ulibaki na jina, rangi ya kijani na njano, nyumba ya Jangwani, na vijana wasiokuwa na sifa bado. Kama uaminifu ni kwa wachezaji, mpenzi alipaswa kwenda Pan African. Kama uaminifu ni kwa ushindi, alipaswa kwenda huko vile vile.

Wako waliokwenda, na hawakuwa wasaliti. Nao walikuwa na hoja kwamba roho ya klabu imehama pamoja nao. Lakini walio wengi walibaki. Matokeo ya kubaki yalikuwa machungu. Julai 19, 1977 Simba iliifunga Yanga mabao 6 kwa 0, Abdallah Kibadeni akifunga matatu peke yake. Deni la 1968 likalipwa na ziada ya bao moja juu. Simba ikachukua ubingwa kila mwaka kuanzia 1976 hadi 1980, miaka mitano kamili, kama ile mitano ya Yanga ya zamani. Yanga haikuupata tena ubingwa hadi 1981. Pan African nayo iliutwaa mwaka 1982, ikathibitisha kwamba waliohama hawakuwa wachezaji wa kubahatisha. Hata hivyo klabu iliyozaliwa na wachezaji hodari haikuweza kuzaa wapenzi wa vizazi vitatu. Ilikuwa na mabao, lakini haikuwa na babu. Leo wazee hukumbuka jina lake kwa heshima, na vijana wengi hawalijui.

Kutokana na habari hii twaweza kusema jambo la kwanza kwa uhakika: uaminifu wa mpenzi si kwa wachezaji. Wachezaji wenyewe wanalijua hilo. Haruna Niyonzima alitoka Yanga kwenda Simba mwaka 2017, kisha akarudi Yanga. Clatous Chama, aliyekuwa kipenzi cha Msimbazi, alikwenda Jangwani mwaka 2024. Wapenzi hukasirika kwa siku kadhaa, kisha huwashangilia wapya. Mchezaji ana haki ya kufuata ujira wake kama fundi yeyote, na mpenzi mwenye busara hamdai zaidi ya kazi njema katika muda wa mkataba. Lakini mpenzi mwenyewe akihama, hasamehewi na upande wowote. Waliomwacha humwona mhaini, na waliompokea hawamwamini, kwa kuwa aliyehama mara moja ameonyesha njia. Haki aliyonayo mchezaji, mpenzi hana. Naye anayelipwa ndiye huru, na anayelipa ndiye aliyefungwa. Jambo hili laonekana kama upungufu wa akili mpaka tukumbuke kwamba ndivyo ilivyo katika ukoo pia: mtumishi wa nyumba aweza kuondoka, mtoto wa nyumba hawezi.

Jambo la pili ni kwamba uaminifu huu haukubaki katika mtaa. Redio iliufungulia njia. Matangazo ya mpira yalipofika mikoani, mkulima wa Songea na mvuvi wa Ukerewe walianza kuteseka kwa sababu ya timu ambazo hawajapata kuziona kwa macho. Matawi ya wapenzi yakaota nchi nzima. Hapa uaminifu ulipata sura ya ajabu kidogo, kwa maana mtu alikuwa na timu ya mkoa wake na hapo hapo alikuwa na Yanga au Simba. Timu ya mkoa ikicheza na timu ya moyo, ashike ipi? Kwa muda mrefu jibu la wengi lilikuwa timu ya moyo, hata wageni kutoka Dar es Salaam wakawa wenyeji na wenyeji wakawa wageni katika uwanja wao wenyewe. Msimu wa 2013/14 Mbeya City ilipopanda daraja na kumaliza nafasi ya tatu, watu wa Mbeya walijaza uwanja kuishangilia timu ya nyumbani, na wengi walidhani desturi imevunjika. Msimu ule ule Azam, klabu ya kampuni yenye uwanja wake na fedha zake, ilitwaa ubingwa bila kupoteza mchezo hata mmoja. Lakini baada ya muda Mbeya City ilishuka, na Azam, pamoja na uhodari wake, haijapata umati unaolingana na uwezo wake. Fedha huweza kununua mchezaji, kocha na nyasi. Haiwezi kununua aibu ya 1968 wala ya 1977, na bila aibu iliyoshirikiwa wapenzi hawana jambo la kuwafunga pamoja.

Haitakuwa haki kuusifu uaminifu huu bila kutaja maradhi yake. La kwanza ni shuku. Mtu angetazamia kwamba anayependa sana huamini sana. Katika mpira wetu imekuwa kinyume. Timu ikifungwa, maneno ya kwanza hayahusu uhodari wa mpinzani, yahusu hujuma: kipa ameuza mchezo, beki amepokea bahasha, kiongozi fulani ni mtani aliyejificha. Makipa na mabeki wengi wameharibiwa majina yao bila ushahidi wowote. Chanzo cha maradhi haya ni kwamba mpenzi hawezi kukubali kuwa kitu akipendacho ni dhaifu, hivyo huona afadhali kiwe kimesalitiwa. Maradhi ya pili ni ushirikina, unaofichwa chini ya jina la heshima la kamati ya ufundi: timu kuruka ukuta badala ya kupita mlangoni, kukataa chumba cha kubadilishia nguo, kutumia fedha ambazo zingenunua viatu vya vijana. La tatu ni makundi. Yanga ilisumbuliwa miaka mingi na ugomvi wa Yanga Asili na Yanga Kampuni, kila kundi likidai kwamba ndilo lenye uaminifu wa kweli. Uaminifu ukishakuwa silaha ya kumpiga mwenzako wa upande mmoja, umeacha kuwa uaminifu.

Lakini lawama kubwa kuliko zote ni ile ihusuyo taifa. Mwaka 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF. Ilitoka sare ya bila mabao na Stella Abidjan huko Kodivaa, kisha ikafungwa mabao 2 kwa 0 Dar es Salaam. Mwaka 2023 Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho. Ilifungwa na USM Alger mabao 2 kwa 1 nyumbani, ikashinda bao 1 kwa 0 Algiers, ikakosa kombe kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Mwaka 2025 Simba nayo ilifika fainali ya kombe hilo hilo, ikafungwa 2 kwa 0 na RS Berkane huko Morocco, kisha ikatoka sare ya bao 1 kwa 1 katika uwanja wa Amaan, Unguja. Katika kila fainali viongozi wa nchi waliwasihi wananchi wawe kitu kimoja, na katika kila fainali walikuwako watani waliofurahia kushindwa kwa wenzao. Je, ni usaliti?

Wako wasemao kwamba ni usaliti ulio wazi, kwa kuwa timu ikitoka nje ya mipaka huchukua bendera ya wote. Wako wajibuo kwamba klabu si timu ya taifa. Kwamba serikali haiwezi kumwamuru mtu nani ampende. Na kwamba uaminifu unaobadilishwa kwa tangazo la wiki moja si uaminifu. Hoja zote mbili zina uzito, na mtu hawezi kuzipima kwa mizani ya siasa peke yake. Mizani iliyo karibu zaidi ni sheria ya utani wenyewe. Sheria hiyo yamruhusu mtani kucheka. Haimruhusu kudhuru, wala kukosekana msibani. Mpenzi wa Yanga anayetabasamu Simba ikifungwa na mgeni yumo ndani ya haki yake, mradi hajafanya kitu cha kumsaidia mgeni. Lakini anayempokea mgeni uwanja wa ndege, akampa habari za kambi ya mwenzake na kumwimbia nyimbo, ametoka katika utani akaingia katika jambo lisilo na jina zuri. Mipaka yake si ya furaha, ni ya matendo. Furaha ya moyo haiwezi kutungiwa sheria, matendo yaweza. Na baada ya mchezo, mtani wa kweli huja kutoa pole, hata kama pole hiyo ina kicheko ndani yake.

Sasa klabu hizi zimeingia katika zamani nyingine. Mwaka 2017 wanachama wa Simba waliridhia kuingia katika mfumo wa hisa, na mwaka 2021 wanachama wa Yanga walipitisha mabadiliko ya katiba yao kwa shabaha ya namna hiyo. Mpango uliokubaliwa ni wanachama kubaki na sehemu kubwa, asilimia 51, na wawekezaji kupata isiyozidi 49. Manufaa ya jambo hili yanaonekana: mishahara hulipwa, wachezaji wazuri huja kutoka nchi nyingi, na klabu zilizokuwa zikitegemea huruma ya tajiri mmoja siku ya safari sasa hupanga safari mapema. Kuna hatari pia, nayo haiko katika hesabu. Kampuni humjua mtu kama mnunuzi wa jezi na tiketi, na mnunuzi hana deni la kudumu. Asiporidhika na bidhaa, huenda duka jingine. Mpenzi akifundishwa kwa miaka mingi kujiona mnunuzi, siku timu itakapofungwa mabao sita atafanya kama wanunuzi wafanyavyo. Hapo ndipo itakapojulikana kwamba kilichoishikilia Yanga kutoka 1976 hadi 1981, na Sunderland kutoka 1968 hadi ilipokuwa Simba na baada yake, hakikuwamo katika vitabu vya fedha.

Kwa hiyo swali la mwanzo lina jibu, ingawa si fupi. Mpenzi si mwaminifu kwa wachezaji, kwa kuwa hupita. Si kwa jina, kwa kuwa jina la Sunderland liliachwa na watu hawakuachana. Si kwa ushindi, kwa kuwa alibaki ulipokosekana. Wala si kwa mtaa, kwa kuwa yuko Songea. Ni mwaminifu kwa watu ambao alishindwa pamoja nao, wengine wao wakiwa wamekwisha kufa, na kwa mtani aliyekuwako siku hiyo akicheka. Hao ndio mashahidi wake, kama Marini na Arinoti walivyokuwa mashahidi wa mpagazi aliyefika mji asiojulikana. Asilimia 51 zilizobaki mikononi mwa wanachama ni mali ndogo kwa mtu mmoja mmoja; haiwezi kumtajirisha yeyote. Lakini ndiyo hati pekee ya sheria inayotambua ushahidi huo, na wanachama wa pande zote mbili hawana budi kuilinda wakati wa mkutano mkuu, hasa katika miaka ambayo timu inashinda na hakuna mtu anayeona haja ya kuuliza hesabu.